Mshiko wa Rafu ya Tisa

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi juu ya sinki la kunawia, mahali ambapo hata asiyependa kusoma atasoma, kwa sababu sabuni ya pale haitoi povu mpaka uisugue muda wa kumaliza gazeti zima. Lilisema: Semina ya Kujihami kwa Wafanyakazi wa Kike. Wiki nzima, saa nane hadi saa tisa mchana, ukumbi wa mikutano. Wote wahudhurie.

Bibi Roli alilisoma mara mbili, maji yakimtiririka viwikoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, yote ameimaliza mbele ya mashine moja, roli la moto la kunyooshea mashuka, ambalo wenzake waliapa kwamba lingeweza kunyoosha hata uso wa mtu aliyenuna. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa kiasi kwamba siku moja, wanasema, alinyanyua birika la chai kutoka jikoni bila kitambaa, akauliza mbona maji bado baridi.

"Semina ya kujihami," alisema. "Na ya kutoshika watu itakuwa lini?"

Redio, mwanamke wa meza ya kukunjia aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimwi, alicheka peke yake. Wengine walitupa jicho upande wa stoo, kisha wakarudi kwenye mashuka yao.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Wiki tatu nyuma, binti wa kaka yake Bibi Roli, aliyekuwa kazini kwa mkataba wa muda, alitumwa stoo kuchukua foronya. Foronya hukaa rafu ya tisa, ya mwisho kabisa, ambako taa iliungua zamani mpaka fundi umeme mwenyewe amesahau kwamba kuna taa. Mtunza stoo akamfuata. Jina lake la kazini lilikuwa Funguo, kwa ajili ya rundo la funguo alilolining'iniza kiunoni. Ulimsikia anakuja kabla hajakata kona. Siku hiyo hazikulia. Alikuwa amezishika.

Binti aliponea kwa sababu tu troli la mtu lilipiga kelele mlangoni. Kesho yake aliandika barua, kurasa mbili, kila kitu kilivyokuwa, akaipeleka kwa Meneja kwa mkono wake. Meneja aliisoma, akaifungia kwenye droo. "Kwa heshima ya pande zote," alisema, "hii isitembee." Akamwita Funguo, akamwambia kuna malalamiko ya usumbufu, Funguo akakana, na uchunguzi ukaishia hapo, chai ya Meneja ikiwa bado inafuka mvuke.

"Wewe unasema hivi, yeye anasema vile," Meneja alimwambia binti. "Mimi nishike lipi?" Akampa mpaka Ijumaa ya wiki hii. Aiondoe barua, au aandikiwe onyo la kuchafua jina la mwenzake. Na mtu wa mkataba wa muda akiandikiwa onyo, mkataba haurudiwi.

Sasa, badala ya taa mpya rafu ya tisa, ilikuja semina.

Ukumbini walikuta magodoro kumi na mawili ya wagonjwa yametandazwa chini, na katikati yake amesimama Kocha. Alikuwa mtu wa mieleka tangu ujana. Masikio yake yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa pamoja na suruali, na shingo ilikuwa nene hivi kwamba pande mbili za kola yake zilishakata tamaa ya kukutana. Alikuja na mbinu kumi na nne, zote zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi.

"Nahitaji mwanamume mmoja anisaidie kuwa mtu mbaya," alisema.

"Mimi hapa nina mwili," sauti ikatoka nyuma. Funguo akaja mbele akicheka, rundo linalia kiunoni.

Bibi Roli alimtazama binti wa kaka yake. Binti alikuwa ameegemea ukuta, ameshika kiwiko chake mwenyewe kama mtu anavyomshika mtoto asivuke barabara. Bibi Roli akavuka magodoro na buti zake, akamfuata Meneja mlangoni.

"Bosi, huyo ndiye mtu mbaya wetu?"

"Amejitolea mwenyewe."

"Barua iko kwenye droo yako, na jina lake liko kwenye barua."

"Ndiyo maana nimefurahi," Meneja alisema. "Inaonyesha hana kinyongo na mtu."

Bibi Roli kwa kawaida hakukosa neno. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumsema fundi wa boila mpaka boila ikazimika yenyewe kwa aibu. Siku hiyo maneno aliyaweka akiba. Hana kinyongo. Aliyeziba mdomo hana kinyongo na aliyezibwa, basi mambo yamekwisha, tucheze mieleka. Alirudi mahali pake.

Kocha akaanza na mbinu namba moja. "Mtu mbaya anakuja kutoka mbele, mkono ameunyoosha. Unaudaka, unageuka, unamweka mgongoni, unamrusha." Funguo alirushwa, akatua kwenye godoro, akagaagaa kwa maumivu ya kuigiza. Watu wa ofisini waliokuja kutazama wakapiga makofi.

"Nina swali, Kocha," Bibi Roli alisema. "Huyu anayekuja mkono ameunyoosha kama anaomba chumvi, umemuona wapi?"

"Ni mfano tu, mama."

"Haya. Basi huyo anaitwa Mfano. Wa kwetu hana tabia hiyo."

Kocha alikohoa, akaendelea. Mbinu ya pili ilikuwa ya kumbeba mtu nyongani, ya tatu ya kulala chali na kumvunja mkono ukiwa umemkumbatia kwa miguu, ya tano ya kuruka hewani miguu ikamkate mtu kiunoni kama mkasi. Redio alijaribu hiyo ya tano. Alitua nje ya magodoro, kilemba kimemfunika macho, akauliza kama amemwua mtu.

Saa tisa ilipogonga na watu kutawanyika, Bibi Roli na binti walibaki.

"Kocha, hizi mbinu alizichagua nani?"

"Mimi na Meneja. Yeye alipenda zile zinazotoka vizuri kwenye picha."

"Na alikwambia sisi tuna shida gani?"

"Kwamba mnaogopa vibaka mkitoka kazini."

Bibi Roli alimgeukia binti wa kaka yake. Binti akatia mkono mfuko wa aproni, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Ilikuwa rasimu ya ile barua, iliyochafuka wino, ya kabla hajainakili vizuri.

"Soma, Kocha," binti alisema.

Kocha alisoma amesimama. Akarudia amekaa kwenye godoro. Kulikuwa na mistari ambayo kidole chake kilikwama juu yake. *Alinijia nyuma, mikono yangu yote miwili iko juu kwenye foronya. Kamba za aproni alizizungusha mara mbili kwenye ngumi yake ya kushoto akavuta, mkanda wa shingoni ukanikaba. Kiganja cha kulia akaniziba mdomo. Goti lake akalitia nyuma ya goti langu.*

"Huyu mtu simtaki hapa kesho," Kocha alisema.

"Mwache," Bibi Roli alisema. "Ukimfukuza atasema ameonewa, na Ijumaa mwanangu ataandikiwa onyo. Barua hii ameisoma Meneja, tumeisoma sisi wawili, na sasa wewe. Funguo mwenyewe hajaisoma. Wamemficha kwa heshima ya pande zote."

Kocha alikuwa na masikio yaliyokunjamana, lakini akili yake ilikuwa imenyooka. Aliikunja barua na kuirudisha kwa mikono miwili.

"Basi Ijumaa, kwenye onyesho la kufunga semina mbele ya Meneja, sitamwambia ashike vipi," alisema.

"Usimwambie. Sisi ndio utufundishe kutoka."

"Mimi asinishike tena, shangazi," binti alisema. "Hata kwa kuigiza."

"Hatakushika. Atanishika mimi."

Kesho yake Bibi Roli alikataa kukanyaga magodoro. "Hapa kwetu hakuna anayekabwa kwenye godoro la futi sita," alisema, akawaongoza wote, na Kocha katikati yao, mpaka chumba cha kufulia. Funguo alikuwa anapokea mzigo wa sabuni, na Kocha alishamwambia mtu mbaya hatahitajika tena mpaka Ijumaa. Kuna kijia pale, kati ya rafu za mashuka yaliyokunjwa na ukuta, upana wake ni wa troli na mwenye troli, basi. Sakafu huwa na maji tangu asubuhi. Kila mwanamke alikuwa na buti za mpira na aproni nzito ya turubai.

"Haya, Kocha. Nirushe hapa, nikuone."

Kocha alijaribu. Mguu ulinasa kwenye rafu, rafu ikainama, na mtu aliyewahi kushinda vikombe akafunikwa na mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji. Redio alieleza baadaye kwamba walimchimbua kwa nusu saa na kumkuta amekunjwa vizuri kuliko mashuka yenyewe. Kocha aliketi sakafuni akicheka kwa aibu, akaomba kalamu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa kukata mbinu kwenye karatasi yake. Kila mbinu ilipelekwa kijiani ikajaribiwa na mwanamke aliyechoka, mwenye buti, aliyemaliza kusukuma troli sita. Bibi Roli aliuliza swali moja tu la ziada, na aliliuliza kila mara: ikigoma, nitabaki nimesimama, au nitabaki chini yake? Ile ya kuvunja mkono ukiwa umelala ikaanguka kwa swali hilo, ingawa Kocha aliitetea kama mtoto wake wa kwanza. "Mama, hii haijawahi kuniangusha." "Wewe uko na mwamuzi na filimbi, mwanangu. Sisi tuko na rafu na ukuta." Akaifuta.

Zilibaki tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kifundo cha mkono. Usivutane naye, nguvu ya mshiko wa mtu ni nyembamba pale dole gumba linapokutana na vidole, basi peleka mkono upande huo, kiwiko kikikaribia mwili. Wanawake waliishika mara ya pili tu. Wamekamua mashuka mabichi maisha yao yote, nani awafundishe kuzungusha mkono? Ya pili ilikuwa ya kushikwa kwa nyuma. Jishushe mara moja uwe mzito, panua miguu, usihangaike na mkono wake mzima, kamata vidole viwili uvikunjue, sogeza nyonga pembeni, ugeuke. Na ya tatu, ya kutoka chini ya mtu aliyekulalia, ndiyo iliyomwacha Kocha mdomo wazi. Alikuwa anaeleza ulale ubavu, usukume kwa miguu, makalio yatangulie na kichwa kifuate, mara mama mmoja wa mashine za kufulia akalala chini na kuifanya mbio, mara tatu, bila kufundishwa.

"Umeijulia wapi?"

"Kila mwezi mmoja wetu anaingia chini ya roli kutoa soksi zilizopotea," yule mama alisema akijipangusa. "Utatokaje vingine?"

"Mimi ilinichukua mwaka mzima," Kocha alisema.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo halikuwa mieleka hata kidogo. Kocha aliuliza kwa nini kamba zao zimefungwa mafundo mawili magumu mgongoni. Wakamwonyesha ubao ukutani: Kamba za aproni zifungwe mafundo mawili. Ni amri ya ofisi, tangu aproni ya mtu ilipofunguka ikamezwa na mashine.

"Wamewafunga mpini mgongoni," Kocha alisema. "Mtu akiukamata, amewakamata nyote."

Bibi Roli alipeleka mikono nyuma, akafungua mafundo yake mawili ya miaka ishirini na sita, akafunga moja la kitanzi, lile la kuvuta likafunguka. Mmoja mmoja, wengine wakafanya vivyo hivyo. Binti wa kaka yake ndiye aliyemaliza kwanza.

Ijumaa Meneja alikuja na watu wawili wa ofisini, kamera, na jalada la bluu kwapani. Ndani ya jalada mlikuwa na barua ya binti na fomu ya onyo ambayo bado haijawekwa sahihi. Alishangaa kuambiwa onyesho litakuwa chumba cha kufulia.

"Picha hazitatoka vizuri huku," alilalamika.

"Zitatoka," Bibi Roli alisema.

Funguo alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Kocha akamwelekeza kijiani. Bibi Roli akasimama ametazama rafu, mikono yote miwili juu kwenye rundo la mashuka, mgongo wazi. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, na moyo unampiga kama mashine iliyopakiwa upande mmoja. Funguo akikumbatia tu kama watu wanavyokumbatia, yamekwisha. Meneja atatoa kalamu.

"Mshike kutoka nyuma," Kocha alisema.

Funguo alimkumbatia kwa mbali, akiwachekea wenye kamera. Bibi Roli akajishusha, akakunjua vidole viwili, akageuka. Ikawa rahisi kama kuvua glavu.

"Hiyo ni salamu ya kanisani, kaka," Redio alisema. "Tulidhani una mwili."

Wanawake wakacheka. Mara ya pili Funguo alikaza kweli, akabana mikono tumboni. Bibi Roli alipoteza pumzi, buti likateleza, lakini vidole ni vidole, aliviondoa, akatoka. Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Uso wa Funguo ukabadilika rangi.

"Labda hajawahi kushika mtu mzima," Redio alisema.

"Namwonea huruma tu bibi yenu."

"Usimwonee," Kocha alisema, taratibu kabisa. "Mshike unavyojua wewe, asitoke."

Bibi Roli akainua mikono tena kwenye mashuka. Funguo alikuwa bado anahema kwa hasira. Hakuwaza, mkono wenyewe ulijua njia. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye kamba za aproni, ukazungusha mara moja, ukazungusha mara ya pili, ukavuta. Mkanda ukamkaba Bibi Roli shingoni. Kiganja cha kulia kikaja mdomoni. Goti likamwingia nyuma ya goti.

Kicheko kilikatika kama umeme.

Kwa nukta moja Bibi Roli aliona giza la rafu ya tisa, na akajua mtoto wake alisimama ndani yake peke yake. Kisha akajishusha kwa uzito wake wote. Kitanzi kikafunguka mgongoni. Akakamata vidole viwili vilivyokuwa mdomoni, akavikunjua, akachomoa kichwa kwenye mkanda na kutoka upande. Funguo, aliyekuwa anavuta kwa nguvu zote kitu ambacho hakina tena mtu ndani, alirudi nyuma hatua tatu akagonga ukuta. Akabaki amesimama pale na aproni tupu inaning'inia, kamba zake zimezunguka ngumi ya kushoto mara mbili.

Hakuna aliyepiga makofi.

Binti wa kaka yake alisogea mbele. Hakuwa na karatasi mkononi. "Kamba za aproni alizizungusha mara mbili kwenye ngumi yake ya kushoto akavuta," alisema, "mkanda wa shingoni ukanikaba. Kiganja cha kulia akaniziba mdomo. Goti lake akalitia nyuma ya goti langu. Ukurasa wa kwanza, Meneja, mstari wa saba."

Funguo akaanza kuufungua mzunguko wa kwanza.

"Usiguse," Kocha alisema. "Simama hivyo hivyo." Akamgeukia Meneja. "Nimefundisha miaka ishirini. Mtu ukimwambia ashike kwa nyuma, anakumbatia. Wote wanakumbatia. Huu mshiko anao mtu mmoja tu, na ameuzoea."

"Inaweza ikawa imetokea tu," Meneja alisema, lakini vidole vyake vilikuwa vinafungua jalada.

"Mimi ilikuwa mwaka juzi," Redio alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hawakuwahi kuisikia hivyo. "Rafu ya nne. Mara mbili, hivyo hivyo."

"Mimi hakuniziba mdomo," yule mama wa mashine za kufulia alisema. "Alijua sipigi kelele."

Meneja alisoma mstari wa saba akiwa amesimama kwenye maji, midomo inatembea. Akamtazama Funguo, akaitazama ngumi yenye aproni. Mtu wa ofisini mwenye kamera alikuwa ameshapiga picha kabla hajajua anapiga nini.

"Weka funguo mezani," Meneja alisema mwishowe. "Zote. Kisha ofisini kwangu, sasa hivi, na hawa wawili wa ofisini waje pia kama mashahidi." Funguo akavua rundo kiunoni, akaliweka kwenye meza ya kukunjia. Alipotoka hakuna kilicholia kiunoni, mtu angeweza kukaa naye jengo moja asijue yupo.

Meneja akamsogelea binti, akijaribu kutabasamu. "Basi, sasa hakuna tena haja ya wewe kuiondoa barua."

"Sikuwa nataka kuiondoa," binti alisema. "Nataka uigonge muhuri wa kupokelewa. Tarehe ile niliyoileta, siyo ya leo. Na hiyo fomu ya onyo uichane hapa tuone."

Meneja aliangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza miwani. Kisha akaichana ile fomu, akatoa muhuri mfukoni, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu pengine, akaigongea barua juu ya roli, ambalo bado lilikuwa na joto. Tarehe ya wiki tatu nyuma. Binti akapuliza wino ukauke.

"Mama," Meneja alimwambia Bibi Roli, "hongera. Semina imezaa matunda. Nitakuandikia cheti."

Bibi Roli alikuwa ameinama kuokota aproni yake sakafuni. Aliikung'uta maji, akaitazama pande zote mbili.

"Kiandikie hiki kitambaa," alisema. "Binadamu alikuja kwako na kurasa mbili ukamwambia hujui ushike lipi. Kitambaa kimekuja leo na kamba mbili umeamini papo hapo." Akaivaa, akapeleka mikono nyuma na kufunga kitanzi. "Na ule ubao wa mafundo mawili uutoe ukutani kabla sijautoa mimi. Ukimaliza, umtafute fundi wa taa."

Akaliwasha roli. Binti wa kaka yake alikuwa ameshachukua troli na ufunguo mmoja kutoka kwenye rundo lile mezani, anaelekea stoo. Foronya zilikuwa zimeisha, na za ziada ziko rafu ya tisa. Redio akamfuata na tochi, anaongea tena.